Deni Lina Meno

Fundi Kisanga alikuwa na deni langu:
elfu arobaini, gauni la kipaimara la bintiye.
Miezi mitatu ya njoo kesho, njoo keshokutwa,
mwisho akaja mwenyewe Tabata na boksi la sabuni,
ndani yake kitu chenye joto na tumbo kubwa,
kinanuka maziwa na vumbi la saruji.
“Mama Elikana, pokea hiki, tumalizane.”
Tukamwita Deni.

Basi Deni akaanza kunilipa kwa meno.
Meno ya sindano, na sindano mimi nazijua:
miaka kumi na tisa nyuma ya cherehani,
vidole vina matundu kama chujio la chai.
Lakini sindano haikufuati chooni.
Sindano haikuvizii nyuma ya ndoo
ikakurukia kisigino, kisha ikatikisa mkia.

Aliuma kandambili. Aliuma pindo.
Aliitafuna futi yangu ya kupimia
tangu inchi ya kwanza hadi ya kumi na moja;
sasa kila mteja nampima kuanzia kumi na mbili,
natoa kichwani.
Alimkamata soksi msoma mita ya maji,
baba mzima akapanda juu ya tofali na daftari lake
akaisoma mita kutokea huko.

Ushauri ulikuja bure, kama kawaida ya mtaa.
Mtandike kandambili ya pua.
Mfunge mnyororo, mbwa ni mbwa.
Jipake pilipili mikononi.
Nikajipaka. Nikasahau, nikafikicha jicho.
Deni alikaa akinitazama nikilia,
kichwa upande, kama mtu aliyefika msibani
na hamjui marehemu.

Bi Mwanahawa wa nyumba ya pili, yeye mbwa hamgusi,
akipita kwetu hulivuta buibui lake mbali na ukuta.
Ndiye aliyesema la maana, kutoka nje ya geti:
“Huyo katolewa kwa mamake kabla ya siku zake.
Nduguze ndio wangemfunza.
Ukimuuma mwenzio akalia, mchezo umekwisha.
Sasa hana wa kumlilia.
Mlilie wewe.”

Nikalia.
Kila jino lilipogusa ngozi
nilitoa mlio mwembamba, wa kitoto,
nikakunja mikono kwapani, nikawa ukuta.
Sitazami, sisemi, nahesabu mpaka ishirini.
Wateja wakadhani nimerogwa.
Kisha kipande cha jinzi, mafundo matatu:
hiki uma. Hiki chako.

Kazi ilikuwa Elikana.
Yeye hukimbia, na kukimbia ndio mchezo wenyewe.
Nikamwambia, simama kama nguzo ya umeme.
Akasimama, miaka saba, macho kayafumba, magoti yanacheza;
Deni akaizunguka nguzo, akainusa,
akachoka, akakaa.

Siku ya tano nilitaka kumrudisha kwa fundi, na riba yake.
Siku ya tisa
alifungua mdomo juu ya kidole gumba changu,
meno yakagusa,
yakasita.
Nikapata pumzi tu, na ulimi.

Usiku ule Elikana alimwaga uji
juu ya satini ya bibi harusi wa Jumamosi.
Neno lilikuwa tayari mdomoni, limeota meno yote.
Nikakunja mikono kwapani.
“Mama,” akauliza, “unahesabu?”
Nilikuwa kumi na nne.

Kanga zilizoanikwa bado anazivuta.
Hilo hatujalifikia.

Leo nikifagia chini ya cherehani
nimeokota jino, dogo kama punje ya mchele.
Elikana anataka alirushe juu ya bati.
Nimelitia kwenye kopo la vifungo.
Fundi Kisanga akipita nitamwonyesha:
awamu ya kwanza imeingia.